Tatizo liko kwenye hilo "au"

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: mtoto kiziwi apandikizwe kifaa cha kusikia, au aachwe akue na lugha ya alama? Nimelisoma mara mbili, nikamwita mama watoto naye asome, tukatazamana. Hilo "au" tunalijua. Lilitukalia nyumbani karibu miaka miwili.

Binti yetu alizaliwa anasikia. Akiwa na mwaka na miezi minne akapata uti wa mgongo, tukakaa naye wodini wiki mbili, akatoka mzima, isipokuwa ukimwita hageuki. Bibi yake akasema ni deko tu la mtoto aliyeumwa. Mimi nikasimama nyuma yake nikagonga sufuria kwa mwiko. Akaendelea kucheza na vizibo vyake.

Alipopimwa, daktari alitueleza jambo ambalo kwenye mijadala hii silisikii likitajwa. Baada ya uti wa mgongo, koklea, yaani kile kiungo cha ndani ya sikio kilichojiviringisha kama konokono, inaweza kuanza kuota mfupa ndani. Mfupa ukishajaa, uzi wa kifaa haupiti. Kwa hiyo wale wanaosema mtoto aachwe akue aamue mwenyewe, kwa mtoto wetu walikuwa wanasema asipandikizwe kabisa. Hata kwa aliyezaliwa kiziwi, ubongo hujifunza kuchambua sauti vizuri zaidi ukianza miaka ile ya mwanzo. Tulikubali. Tuliuza kiwanja cha Kibaha, na leo wakinirudisha siku ile ninauza tena. Jibu langu kwa nusu ya kwanza ya swali lenu, basi, ni ndiyo.

Ila watu wajue wanachokinunua. Hiki si shimesikio. Shimesikio hukuza sauti; hiki huruka sehemu iliyoharibika. Nje kuna kipokea sauti kinachokaa nyuma ya sikio na kiduara chenye sumaku kinachonata kichwani. Ndani, chini ya ngozi, kuna kipande kingine chenye uzi mwembamba wa elektrodi unaosisimua mshipa wa kusikia kwa umeme mdogo. Sikio zima lina maelfu ya vinyweleo vya kupokea sauti. Uzi ule una elektrodi zisizofika hata dazeni mbili. Anachokisikia mwanangu kimepita kwenye tundu dogo sana. Halafu kuna betri, kuna waya zinazokatika, kuna kurudi kliniki kurekebishiwa mipangilio, kuna jasho la Dar es Salaam. Siku moja kwenye daladala kile kiduara kilinata kwenye bomba la kushikia, tukapitishwa kituo kizima tukiwa tunabishana na konda aliyedhani tunang'oa vyuma vyake.

Na siku ya kuwashwa, kama mwezi hivi baada ya upasuaji, msitegemee zile video za mitandaoni ambapo mtoto anatabasamu na mama analia kwa furaha. Wetu alipiga yowe, akakinyofoa, akajifunika kwa gauni la mama yake. Ilichukua miezi saba ndipo akageuka bila kuonyeshwa, kwa ajili ya mwenye baiskeli ya aiskrimu. Neno lake la kwanza likawa "koni".

Sasa lile "au". Kwenye kituo tulichokuwa tunampeleka kujifunza kuongea, ambacho sitakitaja, tulipewa sharti: asionyeshwe alama hata moja, atakuwa mvivu wa kutumia mdomo. Tukatii kama watu waliouza kiwanja. Akinyoosha kidole kwenye kikombe, tunajifanya hatuoni mpaka aseme "maji". Mama yangu, anayeongea kwa mikono kuliko mdomo, aliambiwa akae ameikunja.

Alipofika miaka minne kipokea sauti kikafa. Kikapelekwa nje ya nchi kutengenezwa, kikakaa miezi mitatu. Mtoto akarudi kwenye kimya akiwa na maneno yake mia na kitu ambayo hata yeye mwenyewe hayasikii, na sisi hatuna pengine pa kukutana naye. Wiki ya pili akaanza kulia usiku. Tukadhani tumbo, tukampa dawa ya minyoo. Tukadhani malaria, tukampima, hana. Siku tatu.

Siku ya nne mama yake alikwenda naye kwa fundi cherehani wa pale stendi kuchukua sketi. Fundi yule ni kiziwi, tumekuwa tukimpelekea nguo miaka yote na kuongea naye kwa kuandika kwenye karatasi za risiti. Akamwona mtoto analia. Akaweka mkasi chini, akachuchumaa, akakunja uso kuonyesha maumivu, akagusa tumbo lake mwenyewe, akamtazama. Akagusa sikio. Akagusa shavu. Mtoto akamshika mkono ule wa shavuni asiuachie.

Lilikuwa jino.

Tangu hapo kila Jumamosi tulikuwa kwenye kibanda chake, baba, mama na bibi, tukijifunza kama watoto wa chekechea. Hakututoza hata senti. Kipokea sauti kiliporudi hatukuacha, na mtoto hakuwa mvivu wa kuongea. Shida yetu siku hizi ni kumnyamazisha. Najua mtoto mmoja si utafiti. Lakini lile sharti limekizidi umri kifaa chenyewe. Ni walimu wa viziwi waliokutana Milan, Italia, mwaka 1880, karibu wote wakiwa wanasikia, walioamua lugha ya alama iondolewe madarasani. Ilifika 2010, kwenye kongamano jingine la walimu hao, Vancouver, Kanada, ndipo uamuzi ule ukakataliwa na kujutiwa. Marekani yenyewe iliruhusu vifaa hivi kwa watoto mwaka 1990.

Kwa wazazi wengi nchini, hata hivyo, swali lenu halijafika mlangoni. Upasuaji huu ulianza kufanyika Muhimbili mwaka 2017, kabla ya hapo mtoto alikuwa apelekwe India, na bado fedha zake si za mkulima. Mtoto wake ataambiwa asubiri mfadhili, na akisubiri bila alama anasubiri bila lugha yoyote. Kumfundisha mama alama hakuhitaji kuuza kiwanja. Sielewi kwa nini kliniki inayotoa majibu ya kipimo haimpi palepale na anwani ya watu wa CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania.

Nilimwandikia fundi siku moja: wewe ungekipata hiki utotoni, ungefurahi? Akafikiri, akashona kidogo, ndipo akaandika: "Sijui. Ila mama alifariki hatujawahi kupiga soga."

Binti sasa yuko darasa la pili. Usiku anakivua kifaa, anakiweka kwenye kopo lake lenye vidonge vya kukausha unyevu, anafunga kifuniko. Umeme ukiwa umekatika huchukua simu yangu, huwasha tochi na kuimulika mikono yangu, nimalizie hadithi ya jana.