Aldabra ni kisiwa kimoja au vinne?

Mkuu, umeuliza mbona ramani moja inaonyesha Aldabra kisiwa kimoja na nyingine vinne, zote ziko sawa. Hiyo ni atoli ya Shelisheli, pete moja ya matumbawe ya kale iliyokatwakatwa na mikondo ya bahari, yaani njia nyembamba za maji, ndo ukapata Grande Terre ambayo ni kubwa kuliko zote, halafu Malabar, Picard na Polymnie. Ukichora anza na laguni, yaani lile bwawa la maji ya bahari la katikati, usianze na visiwa, maji yanaingia na kutoka bahari inapojaa na kupwa kupitia hiyo mikondo, na yale majabali madogo ya ndani usiyaache aisee, yameliwa chini mpaka yamekaa kama uyoga, mazuri sana.