Kulala wapi na kuona nini mnapokwenda Chuo Kikuu cha Chicago

Dada, umeuliza mlale wapi na muone nini mtakapompeleka binti kukiangalia Chuo Kikuu cha Chicago. Chuo kiko Hyde Park, kusini mwa jiji, na hoteli za huko ni chache. Mimi ningelala katikati ya jiji, karibu na stesheni ya Millennium. Treni ya Metra Electric itawashusha mtaa wa 59, mkamalizia kwa miguu.

Tafadhali msikose makumbusho ya chuo ya mambo ya kale. Kuna fahali wa jiwe kutoka Khorsabad, Iraki, mwenye mabawa na kichwa cha mtu, kimo chake karibu mita 5. Ukimkabili mbele, amesimama. Ukipita ubavuni, anatembea! Hesabuni miguu: ni mitano. Simameni hapo, msiharakishe.

Kama binti anapenda sayansi, mpelekeni Ellis Avenue kwenye sanamu ya shaba ya Henry Moore. Hapo ndipo mmenyuko mnyororo wa kwanza wa nyuklia uliodhibitiwa, yaani atomu zinazopasuka zikipasua nyingine mfululizo, ulipofanyika, tarehe 2 Desemba 1942. Robie House, nyumba maarufu iliyobuniwa na msanifu majengo Frank Lloyd Wright, nayo iko jirani, ila kuingia ni kwa tiketi, kateni mapema.