Exelon na Constellation: nani alimmeza nani?

Mkuu, umeuliza kama Exelon, kampuni ya umeme ya Marekani, ilifilisika mpaka ikaiuza Constellation, kampuni yenye vinu vya nyuklia, na kwa nini watu wa Baltimore bado wanalipa bili ya BGE, kampuni ya umeme na gesi ya mji huo, wakati mwenye mali habaki yule yule. Haikufilisika, wala haikuuza. Nimeishi Baltimore miaka ile na nilikuwa na hisa 50 za Exelon, kwa hiyo sehemu ya mambo haya iliingia moja kwa moja kwenye karatasi zangu.

Machi 2012 Exelon ya Chicago ilikamilisha kuinunua Constellation Energy, kampuni mama ya BGE, kwa takriban dola bilioni 7.9. Nilidhani kila kitu kitabadilika. Mita ukutani ikabaki ile ile, mafundi wale wale, jina BGE lile lile. Kitu pekee nilichokiona ni punguzo la dola 100 kwenye bili. Nikafurahia ukarimu wa mwenye mali mpya, mpaka jirani akanieleza kwamba lilikuwa sharti la tume ya Maryland inayosimamia huduma za umma: ukitaka kununua, toa kitu kwa wateja wa majumbani. Tangu siku hiyo nikaacha kusoma majina na nikaanza kusoma masharti.

BGE yenyewe ni ya kale kuliko hao wote. Chimbuko lake ni kampuni ya taa za gesi ya mwaka 1816, na mmoja wa waanzilishi alikuwa mchoraji, Rembrandt Peale, aliyekuwa akiwaonyesha watu taa hizo kwenye jumba lake la makumbusho.

Exelon ilizaliwa mwaka 2000, PECO, kampuni ya umeme ya Philadelphia, ilipoungana na Unicom, kampuni mama ya ComEd, kampuni ya umeme ya Chicago. ComEd ndiyo iliyokuzwa na Samuel Insull, aliyewahi kuwa katibu wa Thomas Edison, yule mvumbuzi wa mambo ya umeme. Huyu bwana alipanga kampuni juu ya kampuni, kila moja ikimiliki hisa za iliyo chini yake, mpaka mtaji kidogo pale juu ukashika mitambo mingi sana kule chini. Mwaka 1932 mnara ukaanguka na wenye hisa wadogo wakapoteza akiba zao. Ndipo ikaja sheria ya 1935 iliyozibana kampuni mama za umeme na gesi. Congress, yaani bunge la Marekani, iliifuta mwaka 2005. Kwa maoni yangu, huwezi kuelewa ununuzi wa miaka ya karibuni bila kujua kwamba uzio huo uliondolewa.

Si kwamba Exelon ilipata kila ilichotaka. Ilijaribu kuchukua kampuni nyingine za umeme: PSEG ya New Jersey ikaikosa mwaka 2006, na NRG ikaikosa 2009. Pepco, ya Washington DC, Exelon iliipata Machi 2016, baada ya wasimamizi wa huko kukataa kwanza Agosti 2015.

Sasa Constellation. Siku moja Februari 2022 nafungua akaunti yangu ya hisa nakuta Exelon 50 zipo, na chini yake Constellation 16 ambazo sikununua, pamoja na fedha kidogo. Hesabu yake: kila hisa tatu za Exelon zilipewa moja ya Constellation, na kile kipande kilichobaki wakakilipa taslimu. Huo ndio mgawanyo wenyewe. Hakuna aliyenunua; wenye hisa wa mwanzo waligawiwa kampuni ya pili.

Sababu ni kwamba ndani ya nyumba moja kulikuwa na biashara mbili zisizofanana. Nguzo na nyaya hulipwa kwa viwango vinavyopitishwa na tume, pato halirukiruki. Vinu vya nyuklia huuza umeme sokoni. Gesi ikishuka bei, umeme wa mitambo ya gesi unakuwa rahisi, bei ya soko inashuka, navyo vinaumia. Hivyo ndivyo kinu namba 1 cha Three Mile Island, kituo cha nyuklia cha Pennsylvania (si kile kinu cha ajali ya 1979), kilivyofungwa 2019: kilikuwa kinakula hasara. Basi Exelon ikabaki na nyaya, BGE ikiwemo, Constellation ikaondoka na vinu.

Mimi, kwa ujuaji wangu, niliuza zile 16 mwezi Machi, nikisema nyuklia ni mzigo. Septemba 2024 Constellation ikatangaza mkataba wa miaka 20 wa kuiuzia Microsoft umeme wa kinu hicho hicho, kikiwashwa tena. Bei ya hisa zake sijaiangalia tena.