Duara jekundu kwenye herufi moja

Nilipokuwa kidato cha nne hapa Tanga, tulipewa jaribio la pendulamu: uzi wa sentimita 50, kitufe cha chuma na saa ya kuhesabia sekunde. Mibembeo 20 ilichukua sekunde 28.4, yaani sekunde 1.42 kwa kila mbembeo. Niliingiza namba hizo kwenye fomula, nikapata mchapuko wa graviti kuwa 979, nikaandika kwa kujiamini "979 m/s²" na kukabidhi karatasi. Ilipokuwa inarudi, nilitarajia kuona namba yangu imekatwa, lakini mwalimu hakuigusa. Alikuwa amezungushia duara jekundu herufi m peke yake.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba namba ilikuwa sahihi kabisa. Urefu wa uzi niliuandika kwa sentimita, kwa hiyo jibu lilitoka kwa sentimita kwa sekunde mraba, na 979 za namna hiyo ni sawa na mita 9.79. Wanaopima tofauti ndogo za graviti ardhini hadi leo hutumia kizio hicho, nao hukiita gali kwa heshima ya Galileo. Mimi nilikuwa nimeanza hesabu katika mfumo wa sentimita, gramu na sekunde, nikaimalizia katika mfumo wa kimataifa, SI, bila kujua kwamba nimevuka mpaka.

Sasa nasomesha tuisheni ya fizikia jioni, na kosa hilohilo nalikuta kila muhula, wala siwalaumu vijana. Wanaishi katika mji wenye vipimo vingi: mvuvi hutaja kina cha maji kwa pima, seremala huagiza mbao za mbili kwa nne akimaanisha inchi, fundi wa tairi huuliza aweke upepo "thelathini na mbili" akimaanisha paundi kwa inchi mraba, na shamba la babu linapimwa kwa ekari. Kila mmoja anaelewana na mwenzake kwa sababu wote wamo ndani ya mazoea mamoja, hivyo hakuna haja ya kutaja kizio. Balaa huanza pale namba inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine ikiwa uchi. Mwaka 1999 chombo cha NASA kilichotumwa kuizunguka Mars kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa takwimu kwa paundi-sekunde, wakati waongozaji walizisoma kama nyutoni-sekunde (nyutoni ni kizio cha kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, katika SI). Tofauti yake ni takriban mara 4.45.

Ushauri wangu wa kwanza, na ambao kwa kweli unabeba mingine yote, ni kwamba kizio kiandikwe pembeni ya namba katika kila mstari wa hesabu, si katika jibu la mwisho pekee. Wanafunzi hulalamika kwamba inachosha. Ni kweli inachosha, lakini kizio kilichobandikwa mwishoni huwa kimetoka kwenye kumbukumbu na si kwenye hesabu, ndivyo nilivyobandika ile m yangu.

Pili, badilisha vipimo vyote viwe vya SI kabla ya kugusa fomula. Mfumo huu, uliopewa jina lake mwaka 1960, una vizio saba vya msingi, na vingine hujengwa juu yake bila kizidisho cha ziada: kilogramu moja ikichapuka kwa mita moja kwa sekunde mraba, kani yake ni nyutoni moja kamili. Angalia tu kwamba kizio cha msingi ni kilogramu, wala si gramu. Hapo wengi huteleza.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye ujazo. Kijana anajua mita moja ina sentimita 100, basi anagawa sentimita za ujazo kwa 100 na kudhani amepata mita za ujazo. Huwa namwonyesha tangi la lita 1,000 lililo uani, ambalo ni mita moja ya ujazo, kisha namwambia kwamba kwa hesabu yake litajaa kwa nusu glasi ya chai. Hapo hucheka, halafu anaanza mwenyewe kuzidisha mia mara mia mara mia hadi anafika milioni.

Kwa wanaoendelea na umeme, tahadhari ni nyingine: fomula zenyewe hubadilika. Katika vitabu vya zamani vinavyofuata mfumo wa Gauss, uliojengwa juu ya sentimita, gramu na sekunde, sheria ya Coulomb, inayotoa kani kati ya chaji mbili, haina 4π wala ε₀ (kigezo cha umeme kilichomo katika fomula ya SI), na uwezo wa kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji, hupimwa kwa sentimita. Ukichukua fomula ya huko ukaingiza namba za SI, hakuna kubadilisha vizio kutakakokuokoa.

Ukimaliza, vikague vizio peke yake. Kwa pendulamu, muda wa mbembeo ni 2π mara kipeuo cha pili cha urefu uliogawanywa kwa mchapuko wa graviti; basi gawa mita kwa "mita kwa sekunde mraba", utabaki na sekunde mraba, na kipeuo chake ni sekunde, kama muda unavyotakiwa kuwa. Ukaguzi huu ungeninusuru siku ile. Usichoweza kuukabidhi ni ile 2π iliyo mbele ya kipeuo: haina kizio, na ukiisahau kila kitu kitaonekana sawa.