GB 500 kutoka Lamu hazipandi kwa usiku mmoja

Ndugu, umeuliza kama video zako za Maulidi, GB 500, zitamfikia mhariri Nairobi kesho ukizituma kwa intaneti usiku huu. Hapana, hazitamfikia. Mbps 10 za kupakia za intaneti yako ni megabiti kwa sekunde, si megabaiti (MB): gawanya kwa 8, unabaki na MB 1.25 kwa sekunde. GB 500 zitakula zaidi ya siku nne na nusu, na hapo intaneti isikatike hata mara moja. Mpakilie nakala nyepesi za video hizo, zenye ubora wa chini, aanze kukata nazo. Majina ya faili yasibadilike hata herufi, ndiyo yatakayoziunganisha na video asilia baadaye. Mimi nikirekodi majahazi Shela, diski moja ya video asilia hupanda basi Mokowe, upande wa bara, ya pili hubaki Amu, yaani mjini Lamu. Kadi za kamera usizifute mpaka mhariri azifungue faili zote.