Maswali Yenu: Boti Kumi na Nne Zimebaki Nne

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Matema, wilayani Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Miaka ya nyuma sisi wavuvi wa hapa tulianza kushindana kwa boti za mashine baada ya kazi, kwa kujifurahisha tu: unatoka ufukweni, unazunguka boya, unarudi. Kuna mwaka tulifikisha boti 14. Mwaka jana zilikuja 4, na mbili kati ya hizo zilikuwa za watoto wa baba mmoja. Kamati yetu imegawanyika. Wapo wanaotaka tutafute mfadhili wa kutoa zawadi nono, na wapo wanaotaka turuhusu mashine zenye nguvu ya farasi 40 ili watazamaji wasisimke. Tufuate lipi?
— Mzee wa Boya, Matema

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Kabla sijachagua kati ya hayo mawili, naomba ukumbuke jambo moja: mwaka ule wa boti 14, ni nani aliyefika wa mwisho, na kwa nini hakurudi mwaka uliofuata? Kamati nyingi za michezo zinamjua kwa jina kila bingwa wa miaka kumi iliyopita, lakini hazina habari ya aliyeshika mkia, ilhali huyo ndiye anayeamua kama mashindano yatakuwepo au hayatakuwepo. Bingwa atarudi hata mkimpa kuku. Zawadi nono itampata mtu mmoja, na wale 13 waliochoma petroli yao bila tumaini la kumfikia watarudi nyumbani wakiwa maskini zaidi kuliko walivyokuja. Kwa hiyo mfadhili si dawa ya ugonjwa wenu, ingawa akijitokeza msimfukuze. Mwombeni anunue mafuta ya boti zote na majaketi okozi.

Suala la farasi 40 linanitia hofu zaidi. Mashine hiyo ni ghali mno ukiilinganisha na ile ya farasi 15 mnayoendea kutega nyavu, uzito wake unakaribia maradufu, na boti nyingi za mbao hazikujengwa kubeba mzigo wa namna hiyo kwenye ubao wa tezi, yaani wa nyuma. Atakayeweza kuinunua ni mmoja au wawili. Mwaka wa kwanza watazamaji watashangilia, mwaka wa pili mtakuwa na boti mbili.

Yamewapata walio na fedha kuliko sisi. Mbio za boti za injini zilianza rasmi mwaka 1903, pale kombe la kimataifa la Harmsworth liliposhindaniwa kwa mara ya kwanza, na mwaka huohuo Wamarekani wakaunda chama chao, American Power Boat Association. Kuanzia mwaka 1920 kombe hilo likaangukia mikononi mwa tajiri mmoja wa Detroit, Gar Wood, ambaye kila alipotishiwa na mpinzani aliongeza injini. Boti yake ya mwaka 1932, Miss America X, ilikuwa na injini nne za silinda 12 kila moja, zenye nguvu ya maelfu ya farasi kwa pamoja, na ilifikia kasi ya takribani kilomita 200 kwa saa. Ni maajabu, sikatai. Lakini baada ya mwaka 1933 kombe lilikaa bila kushindaniwa hadi mwaka 1949. Vita vilichangia, ila vita vilianza mwaka 1939. Ile miaka sita ya kwanza haiwezi kusingiziwa vita.

Mbio zilizobaki mikononi mwa watu wa kawaida ni za wale waliofunga mashine ndogo nyuma ya boti, aina ambayo Ole Evinrude alianza kuiuza Marekani mwaka 1909, na waliokubali kujiwekea mipaka. Hapa ndipo ningependa kamati yenu ikae kitako na kufikiri, kwa sababu siri yote imo katika namna ya kuweka mpaka ambao mtu hawezi kuukwepa usiku akiwa na fundi wake.

Wajapani walilitatua kwa njia ninayoipenda sana. Mbio zao za boti, zilizoanza mwaka 1952 huko Omura, ni za kulipwa na za kubahatisha, jambo ambalo siwashauri mliige. Kinachofaa kuigwa ni kwamba mwendeshaji haji na mashine yake. Mashine ni mali ya uwanja, zote za aina moja, naye hupewa moja kwa kura, kisha huitengeneza na kuirekebisha mwenyewe kwa ustadi wake. Boti sita huzunguka mara tatu, jumla ya mita 1,800, na anayeshinda hawezi kujisifu kwa mfuko wake. Mashine hizo, za kampuni ya Yamato, zikiisha muda wake kule, nyingi zilinunuliwa na waendeshaji wa ridhaa wa Marekani, nao wakawa na daraja la mbio linalotegemea mashine hizo.

Najua utakachoniambia: mvuvi gani wa Matema atakubali mashine yake, ambayo ndiyo ada ya watoto, iendeshwe na jirani kwa siku nzima? Hatakubali, na hata mimi nisingekubali. Basi pigieni kura rafadha, yale mapanga ya mashine yanayosukuma maji, badala ya mashine yenyewe. Tafuteni rafadha za kipimo kimoja kwa mashine za farasi 15, zihifadhiwe na kamati, na kila mtu aokote yake kwenye kapu asubuhi ya mbio. Petroli na oili vichanganywe katika pipa moja na kugawiwa kwa lita zilizo sawa. Mbio zikiisha, mashine ya mshindi ifunguliwe kofia na kukaguliwa mbele ya watu wote. Kisha endesheni mizunguko mitatu, na aliyetangulia katika mzunguko mmoja aanze nyuma kabisa katika unaofuata, ili aliyeshika mkia aonje japo dakika mbili za kuongoza huku mkewe na wanawe wakimwona. Dakika mbili hizo zina thamani kuliko bahasha ya mfadhili.

Jambo jingine ambalo barua yako haikulitaja ni watu wa pembeni. Nani anashika bendera? Nani anakaa kwenye boti ya uokoaji, mashine ikiwa inanguruma muda wote, bila kushindana? Kama ni vijana walewale wanaoshindana, basi katika boti zenu 4 mna boti 3 tu. Wazee mlioacha mbio kwa sababu ya mgongo msibaki mkitazama chini ya mwembe. Ninyi ndio mnaopaswa kuhesabu mizunguko na kukaa majini na kamba za kuokolea.

Kuhusu tarehe, epukeni Juni hadi Agosti, mwera unapovuma kwa nguvu. Hata wakubwa wamewahi kuaibishwa na upepo: mbio za boti za injini ziliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mara moja tu, mwaka 1908, kwenye maji ya Southampton, Uingereza, na dhoruba ilikuwa kali kiasi kwamba katika kila moja ya mashindano matatu ni boti moja tu iliyomaliza. Epukeni pia asubuhi ya Jumamosi, siku ya soko la vyungu. Kina mama wa Kikisi wanatoka Ikombe na mitumbwi iliyojaa vyungu hadi juu, na wimbi la boti moja ya mashine linatosha kuangamiza kazi ya majuma kadhaa. Mkifanya Jumamosi, anzeni alasiri, mitumbwi ikiwa imekwisha kuvutwa mchangani. Hapo mtapata na watazamaji wa soko bila kuwatumia tarumbeta.

SWALI: Sisi wa Iringa hatuna ziwa, ila tuna Bwawa la Mtera. Tuko marafiki watano, na mmoja wetu ana boti ya plastiki yenye mashine ya farasi 25. Je, tunaweza kuanzisha mbio pale?
— Msomaji, Kihesa, Iringa

JIBU: Mtera panavutia kwa macho, lakini nawasihi muende polepole. Maji ya bwawa lile hupanda na kushuka kwa mita kadhaa kwa mwaka, na miti iliyofunikwa lilipojaa bado imesimama. Mingine inaonekana ikiwa imekaliwa na ndege, mingine imo sentimita chache chini ya maji, na hiyo ndiyo inayopasua boti. Viboko na mamba nao wamo. Mkitaka kweli, nendeni maji yakiwa yamejaa, mkafuatane na mvuvi wa palepale anayejua visiki, mzungushie maboya eneo dogo lililopimwa kina, na mshindane kwa saa: boti moja majini kwa wakati mmoja, dhidi ya muda. Kwa kuwa boti ni moja, mtatumia wote watano hiyohiyo, na kwa bahati mtakuwa na mashindano yenye haki kuliko ya Matema. Taarifa itolewe kwanza kwa wenye mamlaka ya bwawa na serikali ya kijiji.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 12. Mjomba wake ana boti Itungi, Kyela, na anataka kumfundisha kushindana. Mimi ni mtu wa milimani, maji nayaogopa. Nimkatalie?
— Mama wa Uyole, Mbeya

JIBU: Mama, usimkatalie, lakini mwekee masharti. Umri wenyewe si kikwazo: katika chama cha Marekani nilichokitaja, watoto huanza mbio kuanzia miaka 9 katika daraja lao lenye mashine zilizopunguzwa nguvu, na shirikisho la dunia la mchezo huu, UIM, lililoanzishwa mwaka 1922, lina mpango wa vijana ambao kipimo chake kikubwa ni kupita katikati ya maboya bila kuyagusa. Mimi nasema hata Kyela vijana waanzie hapo, na ndiyo maana barua yako nimeiweka pamoja na ya Mzee wa Boya.

Sharti la kwanza ni kuogelea, na aogelee akiwa amevaa nguo. La pili ni jaketi okozi linalomkaa kifuani sawasawa, lisilo la mtu mzima. La tatu ni ile kamba fupi, mara nyingi nyekundu, ambayo upande mmoja hufungwa kwenye mkono au mguu wa mwendeshaji na upande wa pili huchomekwa kwenye swichi ya mashine. Mtu akirushwa majini, kamba huchomoka na mashine huzima papo hapo. Bila hiyo, boti isiyo na mtu huzunguka kwa duara na kumrudia aliyeanguka, rafadha ikiwa inasaga maji. Wavuvi wengi wameitupa kamba hiyo na kuifunga swichi kwa waya, kwa sababu inawasumbua wanapovuta nyavu. Kabla ya kumruhusu mwanao, teremka Itungi mwenyewe, mwombe mjomba wake awashe mashine, kisha uivute kamba hiyo kwa mkono wako. Mashine isipozima, mrudishe mtoto Uyole kwa gari hilohilo mlilojia.