Mliofungua mgahawa wa chai juzi, hebu kaeni hapa kidogo

Wiki iliyopita niliingia kwenye mgahawa wa wanandoa vijana, hawajamaliza hata miezi mitatu tangu wafungue. Sikwenda kupeleleza, nilikuwa na kiu. Mwenye mgahawa alikuwa amemsimamisha kijana wake wa kuhudumia kando ya droo, anamuuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani hela imekwenda wapi. Kijana anatazama viatu vyake. Na nyuma yao shemeji wa mwenye mgahawa anajimiminia kikombe cha tatu, anapuliza, anakunywa, hana habari. Nililipa nikaondoka na maneno yangu tumboni. Sasa nayatoa, kwa sababu mko wengi, nawapenda, na mnanichosha.

1. Majani yapimwe. Kijiko kimoja, kile kile, kisichoazimwa na mtoto kwenda kuchezea mchanga. Kuna kipimo cha kimataifa, ISO 3103, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1980: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, yakae dakika 6. Hicho ni cha waonjaji wanaolinganisha majani na majani. Ukimuuzia mteja chai hiyo atakunja uso, na kwa kikombe cha mililita 200 kilo yako itaishia vikombe 250. Mimi natumia gramu 2.5 kwa kikombe hicho hicho. Kilo moja, vikombe 400. Ishikeni namba hiyo, tutaihitaji.

2. Chuja kabla ya kujaza chupa, maana majani yakibaki ndani yanaendelea kutoa ukali, na ikifika saa nne unauza dawa. Chupa ya maziwa na ya chai ya rangi zisibadilishane hata siku moja. Na majani yasikae rafu moja na sabuni, yananyonya harufu kama sifongo. Haya nayasema kila mara, na kila mara naonjeshwa chai ya sabuni.

3. Upungufu wa droo. Hapa nitakaa.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa na binti mmoja wa kuhudumia. Mwepesi, mkimya, anakumbuka nani anaweka sukari ngapi. Mgahawa wenyewe ulikuwa wa familia: mimi, mume wangu, mama mkwe aliyetupa chumba cha mbele cha nyumba yake, na shemeji yangu aliyekuwa "anasaidia". Kilo moja ya majani ilikuwa inaisha kwa wiki. Jumamosi moja nikajifanya mhasibu. Nikachukua vikombe 400, nikazidisha kwa bei, nikaweka kando ya mauzo ya wiki. Hela iliyokuwepo ilikuwa ya vikombe 330. Wiki iliyofuata, 328. Yaani kila wiki vikombe sabini na kitu vinayeyuka.

Swali nililojiuliza lilikuwa moja tu: nani humu si wa ukoo? Yeye. Basi ni yeye.

Nilimsimamisha asubuhi, meza zote zimejaa. Ningeweza kusubiri jioni, nikasubiri watu. Nilitaka waone kwamba mimi si wa kuchezewa. Akasema mara moja tu, "Mama, mimi sijachukua." Mimi nikaendelea, nina daftari mkononi, nasoma tarakimu kwa sauti kama hakimu. Alipoona simalizi, akafuta sinia aliyokuwa ameishika, akavua aproni, akaikunja vizuri pande nne, akaiweka juu ya kaunta, akatoka. Ile aproni ilikaa pale siku mbili, hakuna aliyetaka kuigusa.

Wiki iliyofuata nilihudumia mwenyewe. Miguu ilivimba, lakini moyo ulikuwa mweupe: mwizi kaondoka. Jumamosi nikahesabu. Hela ya vikombe 326.

Nikapima kijiko upya. Nikamshuku muuza majani kwamba kilo yake si kilo. Nikaishuku mizani. Mume wangu alinitazama nikihangaika, kisha akabandika karatasi ukutani kando ya jiko: kila anayekunywa bila kulipa achore kijistari chini ya jina lake. Hakusema kitu kingine. Huwa anasema kidogo, na ndiyo inayouma.

Jumamosi iliyofuata karatasi ilikuwa na vijistari 67. Mama mkwe na shoga zake, 24. Shemeji, 15. Mume wangu, 9. Mimi, 19. Ndiyo, mimi. Cha kuonja alfajiri, cha saa nne, cha fundi wa bomba niliyemwambia "kaa bwana, hiki changu". Sikuwahi kuviona kama vikombe. Kwa macho yangu kikombe kilikuwa kile anachokunywa mtu mwingine. Mauzo ya wiki hiyo yalikuwa vikombe 326 tena. Ukijumlisha vinabaki saba, na hivyo tulivimwaga vilipolala kwenye chupa.

Nilikwenda kwao yule binti jioni hiyo hiyo. Akaniamkia, "Shikamoo, Mama," kama vile sijamfanya kitu. Nikasema yote, mpaka lile la fundi wa bomba. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Na zile siku zangu kumi na moja?" Nilikuwa nimezizuia kufidia wizi, na, Mungu anisamehe, nilikuwa nimezisahau kabisa. Nilizilipa usiku ule.

Kurudi hakurudi. Mji ni mdogo. Kila mlango aliobisha kuomba kazi, jina lake lilikuwa limeshatangulia, na mimi ndiye niliyelituma. Nilizunguka mmoja mmoja kulisafisha, na nikagundua watu wanausikiliza uvumi kwa masikio mawili na msamaha kwa moja. Wateja wawili wa meza ya mlangoni waliacha kuja. Hawakusema sababu, na sikuwa na uso wa kuuliza.

Karatasi haijawahi kutoka ukutani, inabadilishwa kila Jumatatu. Vikombe vya mama mkwe sasa vinahesabiwa kama sehemu ya kodi ya chumba, na hakuna aliye mkali wa kalamu kumshinda yeye. Juzi alinirudisha kutoka nje ya mlango nikachore changu.

4. Jilipe mshahara, hata uwe mdogo wa kuchekesha. Asiye na mshahara hujilipa kwa droo, tena kwa noti.

5. Ndugu wawili, sauti mbili, mteja mmoja: hapo mgahawa unakufa. Gawaneni. Wa majani asiamue ya viti. Mkishindwa kabisa, kuna njia ya akina Cranston wa Glasgow, kule Uskoti. Stuart alikuwa mfanyabiashara wa chai, mwaka 1875 akaweka meza na viti watu wainywe papo hapo. Dada yake Kate hakwenda kuomba zamu kwa kaka. Mwaka 1878 alifungua nyumba yake ya chai, na leo yeye ndiye anayekumbukwa zaidi. Kila mtu na droo yake. Nilimsimulia shemeji habari hii mara nne kabla hajanielewa; sasa ana duka la vipuri vya baiskeli, na chai kwangu analipia.

6. Daftari la mkopo lifungwe kila mwisho wa mwezi, na ndugu waandikwe ukurasa wa kwanza.

7. Yale magamba meupe ndani ya birika yanatoka kwa siki: chemsha na maji, acha yapoe, mwaga, suuza. Suuza tena. Mimi nilisuuza mara moja, na mzee wa meza ya dirishani mpaka leo ananusa kikombe kwanza kabla hajanisalimia.